Homa Isiyosubiri: Historia ya Desturi Iliyowezesha Saratani za Watoto Kutibika

Mnamo Juni 1948, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha ripoti ya Sidney Farber na wenzake wa Hospitali ya Watoto ya Boston, Marekani. Watoto 16 waliokuwa taabani kwa lukemia kali, saratani ya damu inayokwenda kasi, walikuwa wamepewa dawa mpya iitwayo aminopterin, iliyotoka katika maabara ya Lederle alikofanya kazi mwanakemia mzaliwa wa India, Yellapragada Subbarow. Kumi kati yao walipata nafuu ya kuonekana. Nafuu hiyo haikudumu, kwani ugonjwa ulirudi baada ya miezi, lakini kabla ya hapo mtoto aliyegunduliwa kuwa na lukemia kali alihesabiwa wiki au miezi michache ya kuishi, na daktari hakuwa na la kufanya. Ndiyo maana mwaka ule hutajwa kuwa mwanzo wa kutibu saratani za watoto kwa dawa, na heshima hiyo inastahili. Ninachotaka kuonyesha hapa ni kwamba huo ulikuwa mwanzo wa nusu ya kazi. Dawa inayoua saratani humvua mtoto kinga, na mtoto aliyevuliwa kinga anaweza kuuawa na bakteria ndani ya siku moja au mbili. Watoto walianza kupona kwa wingi pale hospitali zilipojenga pia desturi ya kuijibu homa papo hapo, bila kungoja kujua imeletwa na nini. Desturi hiyo ina watu walioijenga na ushahidi walioujengea. Ukiifuata historia yake hadi Afrika Mashariki, unakuta kanuni moja inajirudia: hospitali haiwezi kumpa mtoto dawa ya saratani yenye ukali unaozidi uwezo wake wa kuitibu homa itakayofuata.

Sababu iko katika namna dawa hizi zinavyofanya kazi. Nyingi kati yake huua seli zinazogawanyika haraka, na seli za saratani ni za aina hiyo. Lakini uboho wa mifupa nao hugawanya seli zake usiku na mchana ili kutengeneza damu, na utando laini wa mdomo na utumbo hujifanya upya kila baada ya siku chache. Dawa haibagui. Mara nyingi, kati ya wiki moja na mbili baada ya dozi, hushuka idadi ya neutrofili, yaani zile seli nyeupe zinazowahi kufika mahali bakteria walipoingia na kuwameza. Pengine hushuka hadi karibu na sifuri. Wakati huohuo mdomo una vidonda na ukuta wa utumbo umechubuka, kwa hiyo bakteria waliokuwa wakiishi tumboni bila madhara hupata njia ya kuingia kwenye damu. Kinachozidisha hatari ni kwamba dalili tulizozoea za maambukizi hutengenezwa kwa sehemu kubwa na neutrofili zenyewe. Usaha umejaa neutrofili zilizokufa. Jipu, makohozi mazito na kivuli cha nimonia kwenye picha ya eksirei hufifia au hukosekana kabisa seli hizo zinapopungua. Mtoto wa namna hii anaweza kuwa na bakteria kwenye damu na asionyeshe chochote zaidi ya joto la mwili kupanda. Unaweza kumkuta anacheza kitandani, na saa chache baadaye shinikizo la damu limeporomoka na viungo vinaanza kushindwa kimoja baada ya kingine.

Mwaka 1948 mambo haya hayakuwa yamepimwa. Ilijulikana kwamba wagonjwa wa lukemia hufa kwa kutokwa damu au kwa maambukizi, na ilikuwa rahisi kuviona vifo vyote viwili kuwa ni hatima ya ugonjwa wenyewe. Kilichozigeuza fikra ni kuhesabu vifo kwa makini. Katika Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, huko Bethesda, Evan Hersh, Gerald Bodey, Emil Freireich na mwenzao mmoja walipitia kumbukumbu za wagonjwa 414 wa lukemia kali wa miaka ya 1954 hadi 1963, na mwaka 1965 wakachapisha walichokiona. Vifo vya kutokwa damu vilikuwa vinapungua, kwa sababu katika miaka hiyo wagonjwa walianza kuongezewa chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Maambukizi ndiyo yaliyobaki kuwa muuaji mkuu. Hata ndani ya maambukizi kulikuwa na mabadiliko: bakteria aina ya stafilokoka walikuwa wanarudi nyuma baada ya kupatikana kwa penisilini mpya kama methisilini, na nafasi yao ilikuwa inachukuliwa na bakteria wa utumboni pamoja na yule aitwaye Pseudomonas, anayependa maji na sehemu zenye unyevu hospitalini. Hesabu hiyo ilifundisha jambo la msingi. Kama kifo kinaweza kubadili sababu yake ndani ya miaka 10 kwa kuwa hospitali imepata njia mpya ya kukizuia, basi hakikuwa hatima ya ugonjwa. Kilikuwa pengo katika matunzo, na pengo huzibika.

Mwaka uliofuata, 1966, Bodey na wenzake walitoa kipimo ambacho madaktari wa saratani wanakitumia hadi leo. Walifuatilia wagonjwa 52 wa lukemia kali, wakalinganisha idadi ya seli nyeupe katika damu na siku ambazo mgonjwa alikuwa na maambukizi. Hatari ilianza kupanda neutrofili ziliposhuka chini ya 1,000 katika kila mikrolita ya damu, ikaendelea kupanda kadiri idadi ilivyopungua, na ikawa kubwa kupita zote chini ya 100. Muda nao ulikuwa na uzito wake: upungufu wa siku chache ulivumilika, ule wa wiki kadhaa karibu kila mara uliishia kwenye maambukizi makali. Thamani ya utafiti huu ni kwamba uliigeuza hofu kuwa namba. Kabla yake, daktari alijua kwa uzoefu kwamba mgonjwa fulani amedhoofika. Baada yake, aliweza kutazama karatasi ya maabara na kusema siku hii mtoto huyu yuko hatarini, na wiki ijayo huenda hatari imepita. Kiwango cha 500, ambacho miongozo ya leo hukitumia kutenganisha homa ya kawaida na homa ya dharura kwa mgonjwa wa saratani, ni mtoto wa kazi ile ya Bethesda.

Baada ya kuipima hatari, lilifuata swali la kuizuia, na jibu la kwanza lilikuwa kumtenga mgonjwa na vijidudu. Bethesda walijaribu mahema ya plastiki yaliyofunika kitanda kizima, ambamo hewa ilichujwa na muuguzi aliingiza mikono kupitia glovu zilizoshonwa ukutani. Wakajaribu pia kuwaongezea wagonjwa seli nyeupe kutoka kwa watu wengine. Kutokana na juhudi hiyo ilizaliwa mashine ya kutenganisha seli za damu, iliyobuniwa na George Judson, mhandisi wa kampuni ya IBM ambaye mtoto wake mwenyewe alikuwa na lukemia, akishirikiana na Freireich. Mashine ile iliacha urithi mkubwa katika huduma za damu duniani. Hata hivyo, kwa tatizo la homa, njia zote mbili zilikuwa ghali na ngumu, na utengaji ulikuwa na udhaifu wa msingi: huwezi kumtenga mtoto na bakteria walioko ndani ya utumbo wake. Ilibidi itafutwe njia inayokubali kwamba bakteria watafika kwenye damu, na inayowapiga kabla hawajashika hatamu.

Njia hiyo ilitoka Baltimore. Utaratibu wa zamani, ambao katika magonjwa mengine ni utaratibu wa busara, ulitaka daktari achukue damu ya mgonjwa, aipeleke maabara ikaoteshwe, angoje siku mbili au tatu bakteria ajulikane jina, ndipo achague dawa inayomfaa. Kwa mgonjwa aliyeshambuliwa na Pseudomonas wakati hana neutrofili, mara nyingi majibu yalimkuta ameshafariki. Mwaka 1971, Stephen Schimpff na wenzake wa kituo cha utafiti wa saratani cha Baltimore waliripoti matokeo ya kuugeuza utaratibu huo. Mgonjwa wa saratani mwenye upungufu wa neutrofili akipata homa, achukuliwe damu ya kuotesha na hapohapo aanzishiwe kwenye mshipa antibiotiki mbili, karbenisilini na gentamaisini, zilizochaguliwa kwa sababu zikiunganishwa zinawafikia wale bakteria wanaoua haraka. Majibu ya maabara yatakuja kurekebisha dawa. Hayatakuwa sharti la kuianza. Wagonjwa wengi waliokuwa na Pseudomonas waliokoka. Mwaka 1975 watafiti hukohuko Baltimore walionyesha kwa nini kungoja dalili hakufai: wagonjwa wenye neutrofili chache walikuwa na usaha, uvimbe na makohozi machache zaidi kuliko wagonjwa wengine wenye maambukizi yaleyale. Tangu hapo homa ikachukuliwa kuwa ushahidi unaotosha kumfanya daktari atende.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kuipa desturi hiyo mipaka na kina, na sehemu kubwa ya kazi ilifanywa kwa watoto. Philip Pizzo wa Bethesda aliuliza antibiotiki ziendelee kwa muda gani, na majaribio yake ya mwaka 1979 na 1982 yakaonyesha kwamba kuziacha wakati neutrofili bado ziko chini na homa inaendelea ni kumrudisha mgonjwa hatarini. Yalionyesha pia kwamba homa isiyokoma baada ya wiki nzima ya antibiotiki inaweza kuwa ni fangasi, anayehitaji dawa yake. Mwaka 1986 kundi lake likaonyesha kwamba dawa moja, seftazidimu, inaweza kuanzishiwa wagonjwa wengi badala ya mchanganyiko wenye sumu kwa figo na masikio. Ushahidi ulio wazi kuliko wote, kwa hoja ninayoijenga, ulitoka Memphis, katika hospitali ya St. Jude iliyofunguliwa mwaka 1962. Huko Donald Pinkel aliunganisha dawa kadhaa na tiba ya ubongo katika mpango mmoja mkali, na mwishoni mwa miaka ya 1960 karibu nusu ya watoto wa lukemia waliotibiwa kwa mpango huo walipona kabisa. Lakini watoto ambao saratani yao ilikuwa imetoweka walianza kufa kwa nimonia ya fangasi aitwaye Pneumocystis. Walter Hughes, daktari wa maambukizi wa hospitali hiyo, alionyesha mwaka 1975 kwamba kadiri dawa za saratani zilivyozidishwa ndivyo nimonia hiyo ilivyozidi. Miaka miwili baadaye akatoa jibu: kati ya watoto 80 waliopewa vidonge visivyo na dawa, 17 walipata nimonia hiyo, kati ya 80 waliopewa kotrimoksazoli, hakupata hata mmoja. Ni septrini ileile ya bei nafuu inayojulikana katika kila zahanati ya Afrika Mashariki. Bila kidonge hicho, mipango mikali ya Memphis ingekuwa inaondoa kifo kimoja na kuleta kingine.

Mtu anaweza kupinga hapa na kusema kwamba antibiotiki haziponyi saratani. Mtoto aliyekingwa kikamilifu na bakteria mwaka 1940 angekufa tu kwa lukemia. Sifa basi iende kwa Farber, Freireich na Pinkel. Ni kweli kwamba antibiotiki peke yake haimponyi, na sidai vinginevyo. Ninachodai ni kwamba vitu hivi viwili haviongezeki kila kimoja peke yake. Kila hatua ya kuongeza ukali wa dawa za saratani iliwezekana kwa sababu hatua ya kuikabili homa ilikuwa imetangulia au ilifuata upesi, na pale ilipochelewa, faida ya dawa ililiwa na maambukizi. Uzito wa jambo hili unaonekana hata mahali ambapo kila kitu kinapatikana. Katika jaribio la Uingereza lililoitwa UKALL 2003, walitibiwa wagonjwa 3,126 wa lukemia ya limfu, wengi wao watoto, na zaidi ya tisa kati ya kila kumi waliokoka. Waliokufa kwa maambukizi walikuwa 75, sawa na asilimia 2.4. Ni wachache, lakini vifo hivyo 75 vilikuwa asilimia 64 ya vifo vyote vilivyosababishwa na matibabu na asilimia 30 ya vifo vyote. Katika nchi yenye gari la wagonjwa, maabara ya saa 24 na chumba cha uangalizi maalumu, bado karibu kifo kimoja katika kila vitatu kilikuwa cha maambukizi. Na iwapo hali ndiyo hiyo kwa waliojiandaa, mahali pasipo na maandalizi dozi zilezile haziwezi kutolewa salama.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na limetoka ndani ya taaluma yenyewe. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mawingu mengi hupita bila kunyesha: kati ya watoto wenye saratani wanaopata homa wakati neutrofili zimeshuka, bakteria kwenye damu huthibitishwa kwa sehemu ndogo, takriban mmoja kati ya wanne hadi mmoja kati ya kumi kutegemea mahali. Wengine wengi wana virusi vya mafua, au homa inapanda na kushuka bila sababu kupatikana. Kumlaza kila mmoja na kumpa antibiotiki kali kwa siku nyingi ni kumwondoa nyumbani na shuleni, kumweka karibu na bakteria sugu wa wodini, na kuzalisha usugu utakaomuua mtoto mwingine kesho. Wenye pingamizi hili walikusanya ushahidi. Mwaka 2000 Robert Klaassen na wenzake wa Toronto walionyesha kwamba idadi ya monositi, aina nyingine ya seli nyeupe ambayo hurudi mapema uboho unapoanza kupata nafuu, inasaidia kumtambua mtoto ambaye hatari yake ni ndogo. Mwaka 2001 María Elena Santolaya na wenzake nchini Chile walitaja alama tano za hatari kubwa: shinikizo la damu kushuka, lukemia iliyorudi, chembe sahani chini ya 50,000, dozi ya dawa za saratani ndani ya siku saba zilizopita, na protini ya uvimbe katika damu kufikia miligramu 90 kwa lita. Mwaka 2004 wakaonyesha kwamba watoto wa hatari ndogo wanaweza kuruhusiwa kwenda nyumbani mapema na kufuatiliwa kila siku kliniki, na matokeo yakawa sawa na ya waliobaki wodini, kwa gharama ndogo zaidi. Miongozo ya kimataifa ya watoto, iliyoanza kutolewa mwaka 2012, imeukubali mwelekeo huo.

Je, ushahidi huu unaivunja desturi ya 1971? Kwa maoni yangu unaikamilisha. Angalia kwa makini wapi hasa nafuu imewekwa. Hakuna hata mmoja wa watafiti hao aliyesema mtoto abaki nyumbani na homa aangaliwe itakavyokuwa. Wote wanaanzia palepale: mtoto amefika hospitali, amepimwa, damu imechukuliwa, na antibiotiki ya kwanza imetolewa upesi. Uchaguzi kati ya hatari kubwa na ndogo unakuja baada ya hapo, ukiwa na majibu ya maabara mkononi, na unadai kwamba familia inaishi karibu, ina simu na inaweza kurudi saa yoyote hali ikibadilika. Ni kweli pia kwamba lengo la kutoa antibiotiki ya kwanza ndani ya dakika 60, ambalo hospitali nyingi za Ulaya na Amerika Kaskazini zilijiwekea, halina ushahidi wa kuonyesha kwamba dakika ya 61 ni mbaya kuliko ya 59. Watoto mahututi zaidi huhudumiwa kwanza, na hilo huzichanganya takwimu. Lakini tofauti inayoua haiko katika dakika moja. Iko kati ya saa moja na usiku mzima, au kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Chile iliweza kulegeza masharti kwa sababu ilikuwa imeshajenga mtandao wa hospitali unaomwona mtoto mapema. Kulegeza ni matunda ya utaratibu imara; asiye na utaratibu hana cha kulegeza.

Hapo ndipo historia hii inapoigusa Afrika Mashariki, na inaigusa mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyekuwa Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya kwa watoto ambao sasa unaitwa kwa jina lake. Yeye huko Uganda na Peter Clifford huko Nairobi waligundua kwamba uvimbe huo huyeyuka kwa dawa kama methotrekseti na siklofosfamaidi, na baadhi ya watoto walipona kwa dozi chache tu. Mwaka 1967 Chuo cha Makerere na ileile taasisi ya Bethesda walifungua kituo cha kutibu limfoma Kampala, chini ya John Ziegler na baadaye Charles Olweny. Ndicho kilichokua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Ziegler na Burkitt walikuwa miongoni mwa waliotunukiwa tuzo ya Lasker mwaka 1972, pamoja na Freireich na Pinkel. Kampala, basi, ilikuwa sehemu ya chimbuko la tiba hii. Kwa nini mafanikio yake yalikuwa katika limfoma ya Burkitt, na lukemia ikabaki nyuma? Aina ya ugonjwa ina sehemu yake katika jibu. Uvimbe wa Burkitt hugawanyika kwa kasi kubwa, kwa hiyo huanguka kwa dozi chache zilizoachana, na uboho hupata muda wa kuinuka. Lukemia hudai uboho wenyewe ufutwe na kukandamizwa kwa wiki nyingi, na matibabu yaendelee miaka miwili au zaidi, yaani wiki nyingi za kuishi karibu na homa. Ugonjwa uliotibika Kampala ulikuwa ule uliohitaji ulinzi mdogo zaidi. Kanuni hiyohiyo ilitumiwa kwa makusudi Blantyre, Malawi, ambako Elizabeth Molyneux na wenzake walichagua mipango ya dawa yenye ukali wa wastani kwa kuwa walijua vizuri hospitali yao inaweza kuhimili homa za kiwango gani. Walipunguza dozi wakijua wanapoteza uwezekano fulani wa kuponya, kwa sababu dozi kubwa ingewapotezea zaidi.

Kuna wanaosema kwamba mafunzo ya Bethesda na Baltimore hayatuhusu, kwa kuwa huku homa ni malaria, hospitali ni mbali na antibiotiki za kisasa ni za kubahatisha. Kila sehemu ya kauli hiyo ina ukweli, na kila sehemu inaongeza uzito wa hoja badala ya kuupunguza. Chukua malaria. Mzazi amefundishwa, na kwa haki, kwamba mtoto mwenye homa apimwe malaria, apewe dawa ya mseto na parasetamoli, aangaliwe. Kwa mtoto anayetumia dawa za saratani njia hiyo ni ya hatari. Kipimo cha malaria kikiwa chanya hakiondoi uwezekano wa bakteria kwenye damu, na parasetamoli hushusha joto bila kugusa kilicholileta, ikificha dalili pekee iliyopo. Utafiti wa Bjørn Blomberg na wenzake katika Hospitali ya Muhimbili, uliochapishwa mwaka 2007, ulichunguza watoto 1,828 waliolazwa wakiwa na dalili za maambukizi, kwa jumla na si wa saratani peke yao. Waliokuwa na bakteria wa kundi la gramu hasi kwenye damu walikufa kwa asilimia 43.5, zaidi ya mara mbili ya waliokuwa na malaria, asilimia 20.2, na usugu wa bakteria kwa dawa walizopewa uliongeza vifo. Ikiwa hivyo ndivyo kwa watoto wenye neutrofili zao, hakuna sababu ya kutarajia nafuu kwa wasio nazo. Utafiti huo unajibu pia suala la dawa: ratiba ya antibiotiki haiwezi kunakiliwa kutoka ng'ambo, lazima itokane na damu inayooteshwa katika maabara ya hapa na kusomwa mwaka hadi mwaka. Ama umbali, jibu lake si kuusikitikia tu. Shirika la Tumaini la Maisha, linalofanya kazi na wodi ya saratani za watoto Muhimbili, limezipa familia za mbali mahali pa kukaa karibu na hospitali. Ukiitazama historia niliyoieleza, malazi hayo ni sehemu ya tiba kwa maana kamili, kwa sababu yanazipunguza saa kati ya homa na dozi ya kwanza.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa kimataifa wa saratani za watoto, likilenga angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani wapone ifikapo mwaka 2030. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 hupona. Katika nchi nyingi maskini ni chini ya asilimia 30. Mijadala kuhusu pengo hilo huelekea kwenye bei ya dawa za saratani, mashine za mionzi na idadi ya mabingwa, na yote ni ya lazima. Lakini nchi inayonunua dawa kali bila kujenga jibu la homa itakuwa inanunua vifo vya aina nyingine, kama takwimu za Memphis zilivyoonyesha kabla ya jibu la Hughes. Orodha ya vinavyohitajika haitishi. Kipimajoto katika kila nyumba yenye mtoto anayetibiwa, na mzazi aliyefundishwa kwamba nyuzi 38 zinazodumu saa moja, au 38.3 mara moja, ni safari ya hospitali usiku huohuo bila kupitia duka la dawa. Karatasi mkononi mwake inayomwambia mhudumu wa kituo cha karibu kwamba mtoto huyu apewe antibiotiki kwanza, foleni na rufaa zifuate. Nauli iliyotengwa mapema, namba ya simu inayopokelewa saa zote, chupa za kuoteshea damu zisizoisha katikati ya mwaka wa fedha, septrini, na muuguzi mwenye mamlaka ya kuanza dozi ya kwanza bila kumsubiri daktari. Vitu hivi vina bei ndogo vikilinganishwa na dawa vinazozilinda, na bajeti ya saratani za watoto inapaswa kuviandika katika mstari uleule wa dawa, kwa sababu miaka zaidi ya 70 ya ushahidi inasema kwamba bila hivyo dawa hazitaweza kutolewa kwa dozi inayoponya.